Neno Lililomezwa na Masizi

“Vuta!” Sauti ya mumewe ilishuka ndani ya dohani kama ya mtu aliyetumbukia mtungini.

Mama Pacha akavuta. Alikuwa amepiga magoti mbele ya meko ya kuni ya sebuleni, ameshika ncha moja ya kamba. Ncha ya pili ilikuwa juu ya paa. Mumewe ameifunga mkononi isije ikamponyoka. Katikati ya kamba palikuwa na brashi ya waya, ikikwangua masizi ya mwaka mzima.

“Baba Pacha, polepole! Huku nakula masizi!”

“Kula tu, ni bure!”

Mara brashi ikakwama. Mumewe akapaza sauti, na papo hapo bonge la masizi likaporomoka. Kilichomfikia mkewe kilikuwa mkia wa neno tu: “…vute!”

Uvute. Basi akaivuta kamba kwa nguvu zake zote, hadi akaanguka chali.

Huko juu vigae viliteleza, kimoja, kisha vingi. Brashi ikatua kwa kishindo. Kamba yote ikafuata, ikajikunja juu ya majivu. Mwisho kikaja kitanzi, fundo lake bado limekaza, na ndani yake imenasa saa ya mkononi, mkanda umekatika.

Aliingiza kichwa mekoni akatazama juu. Tundu la mwanga, ambalo asubuhi nzima kichwa cha mumewe kilikuwa kikiliziba, lilikuwa jeupe pe.

“Baba Pacha?”

Sauti yake mwenyewe ikamrudia. Ndipo na lile neno lilipomjia, zima: usivute.