Vidole Vilivyomfia

Tangu apooze, Mzee Nasibu hakukubali kumshika mkewe mkono; alidai vidole vyake vimekufa. Leo, katika chumba cha mazoezi ya viungo, Bi Zamda alimwona akiuminya mkono wa Tausi, binti aliyemfanyisha mazoezi, hata binti akaangua kicheko.

"Polepole, babu! Utanivunja!"

"Kumbe vi hai," alisema Bi Zamda. "Vimenifia mimi tu."

Mzee aliinamisha uso. "Huyu hajui vilikuwaje zamani, mke wangu. Wewe unajua."

Tausi alisogea kando bila kuambiwa. Bi Zamda, wivu ukiwa bado haujamtoka, alivua bangili zake, akauweka mkono wazi juu ya goti la mumewe, kisha akatazama ukutani, akingoja.