Buibui wa Bibi Mwanakombo

Kling! Bilauri iligonga vigae vya bafuni kabla ya alfajiri. Bibi Mwanakombo alikuwa amemfunika buibui wake, asitoroke kabla ya mgeni kufika.

Mgeni alikuja saa mbili asubuhi, binti wa Bukavu anayeorodhesha buibui wa Ubelgiji nzima. Alivua viatu bila kuambiwa, akapiga magoti, akatazama ile miguu minane yenye manyoya.

“Maman, huyu hatuyamupata bado hapa Saint-Gilles! Ni wa kwanza!” Akafungua kichupa.

Bibi akanusa. “Nini hiyo?”

“Alkoli, maman. Ataingia humu, alors tutamuandika.”

“Pombe? Buibui ndiye aliyemsitiri Mtume pangoni, leo umtose kwenye pombe, bafuni kwangu?”

“Lakini maman, ule ilikuwa ingine.”

“Ukoo ni mmoja.”

Binti akakitazama kichupa, akakifunga taratibu. “Bila yeye, wakubwa wa kazi hawataniamini,” akanong’ona.

Bibi akaingiwa na huruma. Akainua bilauri, buibui akakimbilia nyuma ya bomba. Akaisuuza, akammiminia binti chai.

“Ni mzee kama mimi. Akifa, nitakuwekea kwenye karatasi. Lakini rudi Ijumaa, mwanangu, uje umjulie hali.”