Begi la Mjukuu

Kufika saa nne asubuhi, Modesta alikuwa ameshapakia begi mara mbili na kulipakua mara mbili, na kila mara nguo zilikuwa za mtoto mwingine.

Mama mkwe wake, Bi Klara, alikuwa njiani kutoka Mlola. Juzi alimpigia simu mwanawe Tobia, akasema maneno mawili matatu na kukata, kama kawaida yake: "Andaeni begi. Jumamosi nakuja kuchukua mmoja akakae kwangu." Basi. Kwa watu wa milima hii hilo halihitaji ufafanuzi. Bibi akitaka mjukuu wa kukaa naye, anapewa. Tobia mwenyewe alilelewa na bibi yake mpaka akaota ndevu.

"Chagua wewe," Tobia alimwambia mkewe. "Wewe ndiye unayeshinda nao." Halafu akarudi kwenye simu yake.

Modesta aliijua sababu ya Bi Klara kuja, na ilimchoma. Jumapili iliyopita, kwenye sikukuu ya mavuno, kanisa zima limesimama linaimba, yeye alisinzia wima. Kitabu cha nyimbo kikamponyoka, kikatua juu ya mguu wa Bi Klara. Mama mkwe alimtazama tu, tena kwa muda mrefu. Modesta akajua hukumu imeshatoka: watoto wamemshinda.

Na tuseme ukweli jamani, walikuwa wamemshinda. Glory ana miaka sita na maswali mia sita. Pacha, Kulwa na Dotto, wana miaka mitatu, na tangu waanze kutembea mama yao hajanywa chai ikiwa ya moto. Chooni wanamfuata. Akifunga mlango wanainama, wanachungulia kwa chini, wanamwuliza anafanya nini humo. Jana alimenya viazi huku anasinzia, akashtuka ameshamaliza ndoo nzima iliyokuwa ya kupeleka gulioni.

Kwa hiyo wa kwanza kufungiwa safari alikuwa Kulwa. Asubuhi ile alikuwa amemwaga unga wa dona kwenye maji ya kuku, eti na wao wale ugali. "Wewe ndiye unakwenda!" Modesta akafoka, akatupia begini sweta, soksi na kofia ya sufu, maana Julai huku si ya kuchezea. Anafunga zipu, Kulwa huyo, akamkumbatia goti, unga umemjaa mpaka kwenye kope.

"Mama, kuku wameshiba," akasema.

Zipu ikafunguliwa.

Ikaja zamu ya Dotto. Kosa la Dotto ni kulia. Uji ukiwa moto analia, ukipoa analia. Nguo zake ziliingia haraka haraka. Lakini pacha utawatenganishaje? Huyu hulala ameshika sikio la mwenzake, na asipolipata nyumba nzima haisinzii. Bibi wa watu angekoma. Nguo zikatoka.

Akabaki Glory, na kwa kweli ndiye aliyefaa. Anajua kuamkia, anaosha vikombe, anavaa mwenyewe ingawa viatu huwa kushoto kulia.

"Utakwenda kukaa na bibi," Modesta alimwambia, akikunja sare yake ya shule.

Glory akafikiri kidogo. "Sawa. Sasa mama, ukisinzia jikoni, nani atakuwa anakuamsha?"

Modesta akageukia ukutani, akajifanya anatafuta soksi. Alilia. Kila siku ya Mungu alikuwa akiomba dakika tano tu za kimya, na sasa kimya kinaletwa na bodaboda, moyo unakikataa. Akaitoa ile sare begini, akairudisha kwenye msumari wake.

Mara pikipiki ikasikika konani. Bi Klara akashuka ndani ya koti la marehemu mumewe, akamwambia dereva asubiri. Watoto wakajipanga mlangoni.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu." Akaingia. Chai akaikataa, kiti akakikataa. "Begi liko wapi?"

Modesta alilileta kwa mikono miwili. Kumkatalia mama mkwe si jambo la mchezo. Miaka saba ya ndoa hajawahi kuthubutu.

"Nisamehe, mama," alisema. "Niite mvivu, niite mkaidi, yote nitapokea. Lakini hapa sina wa kukupa. Nimejaribu tangu asubuhi, nimeshindwa. Hawa watatu ni wangu, nitasinzia nao hivyo hivyo."

Tobia akaweka simu chini, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Modesta! Ndivyo unavyomjibu mama? Basi nitachagua mimi. Glory, njoo uvae viatu!"

Glory akaangua kilio. Dotto akamsaidia. Kulwa hakuwa na sababu, lakini naye hakukubali kupitwa, akapaza sauti kuliko wote. Modesta akawakusanya watatu kwenye khanga yake na kurudi nao nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Bi Klara alifungua zipu, akaingiza mkono mpaka chini, akalisukuma begi kifuani kwa mkwewe.

"Tupu mpaka saa hizi? Tia khanga mbili na sweta lako la kulalia, mwanangu, twende. Kwangu utalala wiki mbili."

Halafu akamgeukia Tobia, aliyekuwa bado ameshika kiatu kimoja cha Glory. "Na wewe, anza na huyo mwenye makamasi. Uji wao unavyopikwa watakuelekeza wenyewe."