Mluzi wa Tabo

Kastori aligusisha ncha ya bisibisi kwenye tabo, mpini akaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Kwa mkono wa pili akavuta waya wa mafuta. Injini ikapanda. Mtetemo aliupata mpaka kwenye meno. Mluzi hakuupata.

Na mluzi ndio jambo lenyewe hasa. Tabo, kile kikonokono cha chuma kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kiisukumie injini hewa, likiwa zima hupiga mluzi mwembamba ulionyooka. Beringi zikichoka, mluzi unaanza kukwaruza. Likivunjika gari likiwa mbioni, oili inamwagikia ekzosi iliyoiva, na hapo ni moto, hakuna cha kujadili.

Mji mzima wa Moshi ulimwita Kastori "Masikio". Gari likiteremka kutoka Uru, yeye kikombe cha chai mkononi, alikuwa anakutajia ugonjwa wake kabla halijafika. Hiyo ni zamani. Miaka yote ya kuinamia magari ya mbio yaliyong'olewa silensa ilikuwa imemla masikio taratibu. Mtu akisema karibu naye alimsikia, injini ikinguruma aliisikia. Sauti nyembamba zilikwisha kwenda zake. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Fundi wa kusikiliza asiyesikia, nani atamwachia gari? Na kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, kilishagawanywa kwa ndugu mpaka fungu lake likabaki kama mkeka.

Kitu kimoja tu kilimpa usingizi: sheria ya gereji. Waliiweka wao wenyewe, yeye na Dilip mwenye gari, tangu wakiwa vijana. Boneti haifungwi mpaka wawili wamesikiliza, fundi kwenye injini, dereva kwenye ekzosi, na kila mmoja amenyanyua kidole gumba. Mmoja akikataa, gari halitoki. Kwa hiyo nikikosa mimi, Dilip atapata, Kastori alijiambia kila mara, na kila mara aliyaamini maneno yake.

Asubuhi ile ya mashindano ya kupanda mlima, mwaka 1984, Dilip alichuchumaa nyuma ya gari lake jekundu, alilolitoa Nairobi mara tu mpaka wa Kenya ulipofunguliwa tena. Mafuta, yaliyokuwa yakitolewa kwa kibali tu, aliyahangaikia mwenyewe, ofisi hadi ofisi. Akainamisha kichwa karibu na bomba la ekzosi. Kisha akainua uso, akamtazama Kastori. Akamtazama sana.

Kastori akajiambia: Huyu ameshanishtukia! Akajikaza kiume, akatoa tabasamu pana la mtu asiye na shaka, akanyanyua kidole gumba.

Dilip naye, bila kukawia, akanyanyua chake.

"Jamani, hilo gari leo mbona linalia vibaya?" alisema Digna, mama wa chai na ndizi za kuchoma, akitua birika lake kando ya Kastori. "Linakwaruza kama mtu anaparua ukoko kwenye sufuria."

Kastori akageuka, akapaza sauti kushinda injini. "Dilip! Digna anasema linakwaruza!"

Dilip akacheka. "Digna amekuwa fundi siku hizi? Wewe unasemaje, Masikio?"

"Mimi? Mimi si nimeshanyanyua kidole!"

"Basi! Funga boneti, tunachelewa."

Kastori akashusha pumzi. Mtu anayekwenda kulikalia gari lenyewe, kwenye kona zile, hawezi kuchezea roho yake. Kama kungekuwa na kitu angekisikia, na angekisikia asingecheka. Mwanamke wa watu anajua nini habari za tabo?

"Haya, yangu macho," alisema Digna, akanyanyua birika lake akaenda zake.

Boneti ikafungwa.

Moto ulilishika gari kwenye mpando wa Machame. Watu walitoka migombani na ndoo za maji ya mfereji, lakini joto la moto ule halikumruhusu mtu kusogea. Walisimama tu pembeni, ndoo mikononi, wanamwita Mungu. Dilip hakuwahi hata kufungua mlango.

Walipomaliza mazishi, Kastori alikwenda kumpa pole Kanta, mjane wa Dilip. Akavua viatu mlangoni. Kanta alikuwa amekaa chini, sari nyeupe, macho yamevimba.

"Pole sana, mama."

"Asante, fundi. Karibu ukae."

Kastori alikuwa amepanga kusema pole, anywe maji, aondoke. Lakini Kanta alimsogelea mpaka karibu kabisa na uso wake.

"Niambie kweli, fundi. Asubuhi ile gari lilikuwa linaliaje?"

Uongo ulimjia mdomoni, umepangika vizuri kabisa. Akaumeza.

"Sijui, mama. Masikio yangu yalishakufa. Nilinyanyua kidole kwa uongo. Nilijua yeye yuko nyuma, atasikia. Nilimwachia yeye."

Machozi yakamtoka, mtu mzima, mbele ya mjane. Alimwomba Mungu mama huyu amtukane, amfukuze, amwitie polisi, lolote lile lingemfaa kuliko kukaa pale na kuitwa fundi.

Kanta hakupiga kelele. Alivuta ncha ya sari akaziba mdomo. Kisha akasema polepole, kama mtu aliyezoea kusema na asiyesikia.

"Dilip naye masikio yalishakufa siku nyingi, fundi. Nikimsihi aache mbio, alikuwa ananicheka: 'Masikio ya nini, Kanta? Mimi namtazama Kastori usoni.'"