Kivuli cha Kukunja

Abei alizungusha mkono wa chuma, na turubai likajikunja polepole hadi juu ya mlango. Akazungusha kinyume, kivuli kikarudi miguuni pake.

"Chagua, mama," fundi akasema. "Hili, au mabati yasiyotoka?"

"Mabati," mumewe alijibu huku akinywa chai. Ndiye aliyejenga nyumba hii Lodwar ili wasihamehame tena na mbuzi. Lakini mvua za mwaka wa tisini na saba zilikuwa zimerudisha nyasi malishoni.

Abei alipapasa skrubu za ukutani. "Hizi zinafunguka?"

"Kwa bisibisi tu."

Akalipima turubai kwa mikono, kama alivyopima zamani ngozi za kufunikia kibanda walipohama. "Punda mmoja anaweza kulibeba?"

Fundi alicheka, akamgeukia mume wacheke pamoja. Mume alikuwa ameweka kikombe chini.