Tuzo ya Kwanza

Nyange alipoanza ule wimbo wake wa vitani, “Ningoje, mpenzi, nitarudi,” ukumbi mzima wa harusi uliitikia, hata wasichana waliozaliwa vita vimekwisha.

“Shufaa, inuka, shoga! Mama wa bibi harusi ndiye hutuza kwanza,” Zuhura alihimiza.

“Si wimbo huu. Nitatuza mwingine.”

“Mwingine upi, na huu ndio watu wanaoulilia?”

Miaka yote Shufaa hakuwahi kuutuza. Nyange alimwimbia yeye siku ya kuondoka kwenda vitani, na aliporudi alimkuta ameshaolewa, ana mimba ya pili.

Leo vigelegele vilimsukuma mpaka jukwaani. Alimwekea Nyange kikuba cha asumini kiganjani, akafungua mdomo aombe radhi. Nyange alikuwa amefumba macho, anaimba tu, huku vidole vyake vikijikunja taratibu juu ya maua.