Mtu wa Arobaini na Moja

Kisiwa cha Mbwezi unakizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, lakini ndicho makao makuu ya jimbo zima la bahari, na sheria inataka wakazi wake wasipungue arobaini. Ukitaka kuhama, ngoja azaliwe mtu. Raya alingoja miaka tisa. Juzi jirani alijifungua, na asubuhi hii boti ilikuja kumchukua.

Alfajiri bibi yake alikuwa amekata roho.

"Usilie," mama alimwambia, akimfunika marehemu shuka hadi kidevuni. "Mimi nitalia ukishafika mbali. Vaa viatu."

Raya alikuwa bado anafunga kamba pale Bwana Shekue, karani wa hesabu ya watu, alipobisha hodi. Boti haiondoki mpaka ahesabu nyumba zote. Naye kwenye orodha ya wanaotaka kuhama alikuwa wa pili, nyuma ya Raya.

"Raya thelathini na tisa, mama arobaini," alisema. "Bibi ndiye wa arobaini na moja. Hajambo?"

"Kalala," mama alijibu. "Usiku hakupata usingizi."

Karani alimtazama bibi, akautazama na mkoba wa Raya mlangoni. Kisha akavuta kigoda, akavua kofia, akaipakata.

"Haya," alisema kwa upole. "Tumngoje aamke."

Nje, boti ilipiga honi. Mama, macho makavu, akatenga vikombe vinne.